Siku Mama Alipochagua Mbegu

Mwanangu, wewe ni mtu wangu, ndiyo maana hili nakusimulia. Juzi, kwenye darasa letu la jioni hapa Ruangwa, mwalimu aliuliza kuchagua ni nini. Wenzangu wakajibu ni kuchukua unachokipenda. Mimi nikamkumbuka mama.

Nilikuwa msichana mdogo, kwetu Chiola, mwaka ambao mvua ilichelewa. Chakula kilikwisha. Kilichobaki ni mahindi ya mbegu tu, yamening'inia juu ya jiko yakipigwa moshi. Mdogo wangu Fidelisi analia njaa. Mama alipoyashusha tukafurahi, baba akaanza kabisa kupuliza moto.

Mama akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kuchagua. Hindi moja moja. Yaliyojaa vizuri huku, yaliyotobolewa na wadudu kule.

"Mama Fidelisi," baba akasema, "tule haya mazuri. Mbegu tutaomba kwa jirani."

"Jirani gani? Mama Zuhura naye jana nimemkuta anatazama juu ya jiko lake kama wewe."

Baba akacheka, na njaa yake hiyo hiyo. Mimi sikucheka, nikamwuliza mama:

"Mama, huyu mtoto humwonei huruma?"

Akanitazama. "Namwonea ya leo na ya mwakani. Kama unaona rahisi, shika uchague wewe."

Nikashika hindi moja, zuri, zito. Sikujua niliweke wapi.

Akalichukua, akalirudisha kwenye moshi pamoja na mazuri mengine. Yale mabovu tukayapikia uji, kisha akabeba jembe akaenda porini kuchimba ming'oko. Mizizi hiyo ndiyo tuliyokula mpaka mvua ikaja. Tukapanda. Asubuhi mahindi yalipochomoza, shamba zima, mstari kwa mstari, mama alipiga magoti kwenye tope. Ng'ambo ya pili Mama Zuhura, ambaye naye hakula mbegu zake, alikuwa ameinua mikono anaomba. Mwili ulinisisimka, mwanangu, na hadi leo nikikumbuka unasisimka. Mvua aliitoa Mungu, lakini ingeweza kunyesha kwenye shamba tupu.

Basi usiseme umechagua kama hujakitazama unachokiacha. Iwe mume, iwe kazi, iwe kuhama, shika vyote mkononi usikie uzito wake, umwombe Mungu, ndipo uache kimoja. Na ukishaacha, usikae unakililia.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kutulia. Habari hii ya mama yangu wasimulie wadogo zako na rafiki zako, isiishie kwako.