Chapati za Rehema na Zawadi

Nimekosa, jamani. Tena si kosa la kuteleza, ni kosa la kukaa chini na kulipika. Nihukumuni mnavyotaka. Mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara elfu kumi na sijawahi kushinda kesi.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni Mtanzania, mtu wa vicheko. Miaka ile ya tisini ikiwa ukingoni nilikuwa nakaa Langley Park, Maryland, ghorofa ya chini. Mchana naosha magari ya watu, jioni darasani. Nilipopata cheti changu cha kompyuta nilitembea kama vile kompyuta nimeivumbua mimi! Watu wanaogopa kwamba mwaka elfu mbili mitambo yote itazimika, mimi nawaambia tulieni, nipo.

Kichwa kikishavimba hivyo, upuuzi hauko mbali. Nikaotesha bangi chumbani kwangu.

Miche miwili tu, ndani ya kabati la nguo, chini ya taa. Sikuwa na haja ya kuuza, nilitaka kujivunia. Mwalimu wangu alikuwa Kibe, Mkenya wa mji wa Falls Church, Virginia, niliyesoma naye. Alinifundisha kuinamisha vilele vya miche na kuvifunga kamba ili visiguse taa. Kwenye simu tulificha maneno: miche tuliita "wasichana," mbolea tukaiita "chakula." Mmoja nikampa jina Rehema, wa pili Zawadi. Ujanja wa hali ya juu! Majasusi wa dunia nzima wasingetung'amua!

Sebuleni nilimpangisha dada mmoja, nimwite Sabina. Aliletwa Marekani kuwa msichana wa kazi kwenye jumba moja Virginia. Wakamnyang'anya pasipoti. Wakitoka, wanamfungia kwa nje. Alitoroka na nguo alizovaa. Kanisa lilimtafutia wakili wa kumshughulikia makaratasi ya uhamiaji, na wakili akamwonya: kaa kimya, jina lako lisionekane kwenye jambo lolote la polisi mpaka kesi yako ya kubaki nchini isikilizwe.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Shikeni hapo. Nilikuwa nayajua!

Na nilikuwa nampenda. Mdomo huu unaoweza kuutongoza hata mnara, mbele yake ulinata kama umepakwa gundi.

Basi, miche ikaanza kutoa maua. Kibe akapiga simu. Simu yetu ilikuwa ukutani pale jikoni, na Sabina alikuwa nyuma yangu anasukuma chapati.

"Rehema ako aje?" Kibe akauliza.

"Rehema mtiifu. Nimemwinamisha kichwa, nikamfunga kamba, katulia. Mkaidi ni Zawadi, kila nikimfunga anataka kusimama."

"Pole pole, boss! Usimvunje shingo. Na chakula?"

"Nilimzidishia Rehema, kaungua kidogo."

"Ai! Punguza bwana, utaua mtu! Na mlango?"

"Natia kufuli. Jua lenyewe hawalijui!"

Tukacheka mpaka machozi. Nyuma yangu, mti wa kusukumia chapati ulinyamaza. Sikugeuka.

Kibe aliyasikia yote. Sabina alisikia upande wangu tu.

Kesho yake nikirudi kutoka kazini, nafungua kufuli, nakuta chapati mbili sakafuni. Zimefungwa kwenye karatasi ya foili ya jikoni, zimelazwa bapa, zimesukumwa chini ya mlango. Moyo ukaruka! Nikasema huyu binti kanipenda, anaona haya kunipa mkononi. Nikazila nimesimama, nikatupa karatasi kwenye pipa la jikoni.

Siku iliyofuata, chapati tena. Na iliyofuata. Sabina alikuwa anakonda, haniangalii usoni, nami nikasema ndivyo mapenzi yalivyo! Mpumbavu mimi!

Jumamosi mchana nikaamua kumtoa haya. Nikaegemea friji, nikatabasamu tabasamu la wiki nzima.

"Dada Sabina, kile chakula cha chini ya mlango nakiona. Mungu akubariki."

Akageuka na upawa mkononi. "Unakiona?"

"Nakiona na nakila! Chote!"

"Chote? Chote unakula wewe, kaka?"

"Sibakizi hata kipande!"

Akaweka upawa chini, akavaa viatu, akatoka. Nikajua kaona aibu. Nikaingia kuoga huku naimba.

Nilipotoka bafuni, Sabina alikuwa amepiga magoti mbele ya chumba changu, mdomo karibu na sakafu, anagonga kwa viganja.

"Rehema! Zawadi! Dada zangu, vumilieni! Watu wanakuja!"

Jamani!

"Sabina! Watu gani?"

"Polisi! Nimepiga kwenye simu ile ya sarafu nje ya duka. Nimewaambia una wasichana umewafunga kamba. Jina langu nimewapa! Niue basi!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilifungua kufuli nikacheka, nikafungua kabati, nikamwonyesha. "Hao hapo wasichana! Huyu Rehema, huyu Zawadi!"

Aliitazama miche, na kamba, na taa. Hakucheka. Akakaa sakafuni kama mzigo uliokatika kamba.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Polisi wanakuja! Nikang'oa miche, nikaisokomeza kwenye mfuko, nikaurusha dirishani hadi kwenye vichaka. Nikawasha ubani, chumba kikafuka kama tanuri. Makopo ya udongo yalibaki, taa ilibaki. Mlango wa nje ukagongwa.

Sasa kosa langu lenyewe hili hapa. Yale ya mwanzo yalikuwa upuuzi tu.

Nilimshika Sabina mkono, nikamnong'oneza: "Sema ni mchicha wako. Wakinishika mimi nimekwisha. Wewe mwanamke, watakuonea huruma."

Wewe mwanamke! Yeye asiye na hata karatasi moja ya kujitambulisha!

Polisi wawili. Waliingia chumbani, wakafungua kabati, wakainama chini ya kitanda. Mzee wao akagusa udongo wa kopo, akaziangalia kamba zinazoning'inia, akanusa hewa. Akauliza hivi ni vya nani.

Nikaangalia viatu vyangu. Mimi, mwenye mdomo!

"Vyangu," Sabina akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Mchicha. Mboga. Wasichana hakuna. Nilikosea."

Wakamwonya kwamba kuita polisi kwa uongo ni kosa, wakaandika jina lake lote, akilitaja herufi moja moja. Kila herufi naisikia mpaka leo. Wakaondoka.

Jioni ile ile alikunja vitu vyake. Nikaanza samahani zangu, akanikatiza, bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi.

"Kaka, mimi nilipofungiwa kule, nilikuwa naomba apite mtu, agonge tu. Hakupita. Ndiyo maana nikagonga."

Akaenda. Baadaye mama mmoja wa kanisani aliniambia kwamba siku ya kesi Sabina hakutokea. Aliamini jina lake limeshaingia kwa polisi na wanamsubiri mlangoni. Wakili alimtafuta, nami nikamtafuta Langley Park yote mpaka Laurel. Mpaka leo sijui yuko wapi.

Ningeweza kusema neno moja tu siku ile: "Vyangu." Lilikuwa fupi hivyo!

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, msifanye mzaha na maneno ya kufungwa na kufungiwa. Hujui anayekusikiliza katokea wapi. Ukiulizwa jambo ni la nani, na ni lako, sema ni lako. Na ukikuta chapati chini ya mlango wako, uliza kwanza zimepelekewa nani, kabla hujatia mdomoni.