Baba Mudogo wa Kila Mutu

"Mama, leo masomo imehamia barabara ya Wamaza?"

Mutu wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alinitupia ile neno akicheka, mguu mumoja chini, mashini inanguruma. Nilikuwa soko ya Kasongo, napima unga wa muhogo. Nikamuuliza anasema nini. Akasema amepishana na binti yangu, amevaa uniforme, amekaa nyuma ya moto ya kijana mugeni. Muuza chumvi wa pembeni yangu akasema basi tujitayarishe, tutakula harusi. Watu wakacheka. Kipimo kilibaki mukononi, na mununuzi aliyekuwa mbele yangu, mpaka leo sijui alitaka vipimo ngapi.

Nilipanda ile moto, nikaacha unga wazi.

Tuliwakuta mbali kidogo. Tairi lao lilipasuka, na hiyo tu ndiyo iliniokolea mutoto. Kijana aliapa kwamba ametumwa kumufikisha musichana Wamaza, aliyemutuma hajamuona, ni sauti ya telefone tu. Binti yangu alisimama mu jua, hakulia. Nilipomushika mukono alisema neno moja: "Mama, usifungue telefone."

Ile telefone ilikuwa yangu. Hapo ndipo jambo lilianzia.

Prefe, mukubwa wa masomo, ile shule yetu, aliamuru kila mwalimu afungue grupe ya darasa mu telefone na amuingize yeye pia, devwa, kazi za nyumbani, zipitie hapo. Lakini kwetu mutoto hana telefone yake. Anaingia na ya baba, ya mujomba, ya jirani mwenye paneli ya jua. Kwa hiyo namba ya mwanaume mukubwa katikati ya watoto haikumushangaza mutu. Moja ilianza kusalimia asubuhi, "jambo wanangu", inatuma majibu ya hesabu. Kila mutu alifikiri ni baba mudogo wa mutoto wa mwenzake. Watoto wenyewe wakamuita Baba Mudogo. Na mimi nilisikia sauti yake mu telefone ikiwashauri wasome vizuri, nikaitika amina. Hilo nitakufa nalo.

Akaanza kumuandikia binti yangu pembeni. Kwanza alimuahidi nafasi ya kusoma mu muji mukubwa, atume picha ya uniforme. Kisha picha ingine, ile sitaisema. Kisha akamuambia: usipokuja Wamaza, nitaiweka mu grupe, mwalimu aione, mama yako aione. Siku ngapi mutoto alibeba ule mzigo mu nyumba yangu, na mimi namugombeza kwamba ameunguza maharagi.

Kesho yake nilienda kumushika mwalimu shati. Ni kijana, bado ana chunusi. Hakukimbia. Alisema, "Mama, walinipa grupe kama vile wanapana ufagio. Hakuna aliyenionyesha namna ya kuilinda."

Nilimuachia. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primere, shule ya musingi, kisha vita ikatuingiza mu pori, nikiwa na umri wa binti yangu. Mu pori kila asubuhi tulihesabiana: nani iko, nani hayuko, na huyu ni wa nani. Asiyekuwa na mutu wa kusema "huyu wangu", hakulala na sisi. Nikamuambia mwalimu tufanye vile.

Tuliita wazazi mu darasa. Mimi nilisoma namba za grupe, polepole, kidole juu ya karatasi, na kila muzazi alisimama kusema namba ni ya nani na mutoto wake ni yupi. Tukafika kwa namba ya Baba Mudogo. Hakuna aliyesimama. Nilisoma tena.

Mwalimu aliitoa ile namba, akafunga grupe ili asiingie mutu bila yeye kukubali. Akawaambia watoto: mukubwa yeyote akikuandikia pembeni, niletee, hautapigwa. Kisha akatafuta ni nani alimuingiza, juu telefone inaandika aliyeingiza kila mutu. Akatugeuzia kioo tuone. Ilikuwa namba ya prefe.

Na mama mumoja, muuza mafuta ya ngazi, yale mekundu, akasimama nyuma. Alisema yeye alimupelekea prefe habari ya ule mutu kabla ya mitihani, kwamba anamuandikia binti yake pia. Prefe akamujibu anyamaze, asichafue jina la masomo.

Sasa binti yangu iko nyumbani. Telefone ikitikisika juu ya meza, anatoka inje. Hatujui picha iko wapi, mu mikono ya nani. Mimi kila mwanaume anayeangalia telefone yake sokoni, namuchunguza uso.

Nasikia mwalimu ndiye atafukuzwa. Hapana. Baba prefe, ni wewe ulimuingiza ule mutu kwa watoto wetu. Nani alikupa ile namba? Ulimujua, ao haukuuliza? Na ule mama alipokuja kwako, kabla ya binti yangu kupanda moto, kwa nini ulimunyamazisha? Usinitumie mujumbe. Ita wazazi mu lile darasa, simama kama vile sisi tulisimama, ujibu.