Siku Ignatius Alipotolewa Bandani

Haya nitakayosema hakuna atakayeyaamini, na asiyeamini asinipigie kelele. Aende Sigalagala aulizie mtu aliyepigiwa ngoma akiwa ndani ya banda la ng'ombe. Ataonyeshwa hadi mlangoni. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba nikalirudia, kwa hivyo elimu yangu ni ya darasa la nane. Ninajua ninachosema.

Mtu mwenyewe ni Ignatius, fundi wa kuchomelea mageti. Ukiona geti lenye ua la chuma katikati, kutoka pale Sigalagala mpaka Khayega, limetoka mkononi mwake. Mkewe ni Jescah, muuza vitenge, mwanamke ambaye soko zima humsikia akinong'ona. Marehemu baba yake Ignatius alimwachia shamba na fahali wa kupigana aitwaye Tingatinga. Kwetu Idakho, aliyeachiwa fahali wa kupigana hajaachiwa mali. Ameachiwa jina la ukoo alilinde.

Basi Ignatius alimtengenezea mzee mmoja geti, geti la kuringia. Kabla rangi haijakauka, mzee akafa. Likafunguliwa mara ya kwanza ili jeneza lipite. Waombolezaji wakalisifu, wakaligusagusa, wakauliza fundi ni nani. Fundi alikuwa pale pale, na wazo lilikuwa limemwingia kama cheche ndani ya kiatu: hili litabaki, aliyelitaka hayupo, na mimi nitamfuata. Sasa ninachomelea nini? Cheche ya kawaida hukung'utwa ikazimika. Hii ilikataa.

Kilichomponza ni kukosa shida. Kwetu huzuni lazima iwe na kwao. Barnaba, mdogo wa baba yake na mkuu wa mambo ya fahali, alimkalisha chini mbele ya watu.

"Umefiwa?"

"Hapana, baba mdogo."

"Mke amekukosea?"

"Hapana."

"Mtoto amefukuzwa shule?"

"Hapana."

"Sasa hiyo huzuni umeiiba wapi, kijana?"

Watu wakacheka. Ignatius akacheka nao, maana kucheka ni rahisi kuliko kueleza. Angeeleza nini? Kwamba obusuma, ugali wetu, mdomoni ilikuwa kama gazeti lililolowa? Kwamba asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, akitafuta sababu ya kuivaa?

Jescah ndiye aliyempeleka kwa Clifford. Huyu alikuwa kijana aliyerudi kutoka Nairobi, akakodi chumba juu ya duka la viatu mjini Kakamega, akatandika mikeka, akawa anafundisha watu kutafakari. Keti. Fumba macho. Fuata pumzi. Wazo likija, liache lipite. Na tusimwonee: ilisaidia. Ignatius alianza kupata usingizi. Jumapili moja aliomba aongezwe ingokho, na Jescah akaingia jikoni kumshukuru Mungu na Clifford kwa pumzi moja, huku akimtafutia paja la kuku.

Laiti wangeishia hapo. Lakini Clifford alikuwa na dawa moja, na mwenye dawa moja akiona mgonjwa hajapona huongeza kipimo. Alimwambia akae muda mrefu zaidi, gizani, peke yake, atazame ndani mpaka aone kwamba mle hakuna mtu. Jamani! Mtu analia kwamba ndani mwake hamna kitu, nawe unampa tochi akahakikishe! Labda mwingine angekuta amani humo. Ignatius alikuta geti limefunguliwa na jeneza linapita.

Nyumbani hakukuwa na mahali pa kimya ila banda la Tingatinga. Sasa sikilizeni. Fahali wa kupigana, siku yake ikikaribia, hutengwa. Hufungiwa gizani asione jike wala asisikie mwenzake, apelekewe majani na mtu mmoja tu, mpaka achukie kila kinachopumua. Ignatius alilijua hilo tangu anatambaa. Na bado, bila kumwambia mtu, alimtoa Tingatinga akamfunga kule chini mtoni, kwenye ng'ombe wa majirani, akaingia yeye. Kosa hilo angelifanya mtu wa wapi mwingine? Ni sisi tu tuliojenga nyumba ya kupikia hasira, na ni mmoja wetu aliyekwenda kutafuta amani humo.

Siku zikapita. Jescah akawa anapeleka chakula mlangoni.

"Baba Awinja, toka ule na watoto."

"Niache nimalize."

"Unamaliza nini?"

Sauti ikatoka gizani, kavu kama ganda la hindi. "Sijui. Nikitoka, nisipotoka, ni sawa tu."

Yule mwenye mdomo wa soko zima aliketi nje ya mlango na sahani mapajani mpaka chakula kikaganda. Aliogopa kumwacha hata kidogo. Aliogopa pia kuita watu, maana wangesema mumewe ana wazimu, na jina hilo halitoki hata ulisugue kwa jivu.

Watu walikuja bila kuitwa. Jumamosi ya mapigano kulipopambazuka, Barnaba akafika na wanaume na ngoma za isukuti, kama desturi ilivyo. Fahali hupigiwa ngoma mlangoni, husifiwa, hutukanwa, ili atoke anachemka. Jescah alifungua mdomo awaambie fahali hayumo. Akaufunga. Waache wamtoe, akasema moyoni.

"Tingatinga!" Barnaba akanguruma, akigonga ubao kwa fimbo. "Mtoto wa ng'ombe mvivu! Baba yako alivunja pembe za wenzake, na wewe je? Wewe ni nini? Jibu! Wewe ni nini?"

Huko ndani, mtu aliyekuwa akijiuliza swali hilo hilo alilisikia likipigiwa ngoma. Komeo likavutwa. Akatoka na nyasi nywelini, macho mekundu, akampiga Barnaba kichwa cha kifua. Wote wawili wakaanguka kwenye samadi.

"Ni mtu!" mmoja akapiga kelele.

"Hata kama!" mpiga ngoma akajibu bila kuacha kupiga. "Shikilia mkia!"

Kicheko kilikatika waliposikia Ignatius akilia. Alikuwa amemlalia baba yake mdogo, analia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa.

"Kumbe unaumwa kweli," Barnaba akasema kutoka chini. "Mbona nilipokuuliza ulisema hapana?"

"Uliuliza mengine."

Mchana Tingatinga alifunguliwa kule mtoni akapelekwa uwanjani. Siku zote zile alizokaa na majike zilikuwa zimemharibu, au zilimtengeneza, mtachagua wenyewe. Alimnusa mpinzani wake, akageuka, akaenda kula nyasi. Fahali aliyekimbia ni wa bucha, na jioni nyama ikagawanywa. Ignatius aliletewa sahani, hakuigusa. Watu walimsamehe kulia. La fahali hawajamsamehe mpaka leo, na wako wanaopita karakana yake wakaagize geti kwa fundi mwingine.

Clifford alipoelezwa alisema, "Hukukaa vya kutosha."

"Njoo ukae wewe," Ignatius akamwambia, na hakurudi kwake tena.

Jescah akampeleka kliniki mjini. Muuguzi aliyemhudumia, dada mmoja aitwaye Moraa, hakuuliza nani amekufa. Alisema inaitwa sonona, na haingoji ufiwe. Akamwanzishia dawa na siku za kuja kuzungumza. Kuhusu kutafakari akasema, "Kuna inaowavusha, kuna inaowazamisha, na wewe ulikuwa umeshaingia majini. Ukitaka kukaa, kaa kidogo, macho wazi, mkeo akiwa karibu. Ikikuvuta chini, inuka."

Na dawa ikafanya kazi! Hapa karakanani kwake, nikiwaambia wateja habari hii, ninamwona kwa macho yangu. Amepona kabisa, jamani. Huamka akiimba, hucheka hadi mafundi wenzake wanamkanya, huzuni imemtoka mzima mzima kama jino bovu, na tangu Jumamosi ile hajawahi hata mara moja ku—

"Mjomba, wacha uongo." Ignatius alikuwa ameinua kinyago cha kuchomelea. "Jana ulinikuta nimeshika chuma tangu asubuhi, sijachomelea kitu. Waambie na hiyo."