Siku Niliyomwonyesha Mama Mkwe Filamu ya Mama Mkwe

Mke wangu husema kwamba miguu nilipewa kwa kazi moja tu, kulihamisha tumbo kutoka kitandani hadi kitini. Sibishani naye. Hapa Uvira kila mtu yuko njiani: huyu anavuka kwenda Bujumbura, yule anakimbilia soko, mwingine yuko nyuma ya pikipiki na hajui vizuri anakokwenda. Mimi niko nyumbani, natengeneza redio za watu, na jioni naangalia filamu. Shule yangu iliishia sekondari, lakini kwa filamu za kuchekesha mimi ni profesa. Ndivyo nilivyojidanganya mpaka mama mkwe aliposhuka kutoka milimani, Rurambo.

Alishuka kwa ajili ya goti. Daktari alimpa dawa, akamkataza kupanda mlima mpaka uvimbe uishe. Basi mwanamke aliyezoea kuamka na ng'ombe akawa anashinda chini ya mabati yetu akimtazama mkwe wake akifungua redio. Tuliheshimiana kupita kiasi. Mimi nilikula chumbani asinione nikitafuna. Yeye alijifunika kitenge kila nilipopita. Mke wangu alituchoka wote wawili.

"Mama hajacheka tangu afike," aliniambia. "Weye si profesa? Mufanye acheke."

Jumapili moja mvua ikatufungia ndani, nikakumbuka filamu ya zamani kutoka Tanzania. Niliiona nikiwa mwanafunzi, kwenye kibanda cha video, nikacheka hadi nikaanguka kutoka kwenye benchi. Miaka yote nimewachosha vijana kwa maneno kwamba siku hizi hakuna vichekesho, ni kelele tu, na kwamba ile ndiyo ilikuwa filamu. Nilikuwa nayo kwenye flashi. Nilichokumbuka ni mtu anayekimbiza jogoo na kutumbukia kwenye pipa. Nikaichomeka, nikaketi nyuma karibu na mlango, adabu ikae mahali pake.

Jogoo alikuja kweli. Lakini aliyekuja naye kwapani alikuwa mama mkwe. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa! Mama mkwe anakuja kumtembelea binti yake, na haondoki: hiyo ndiyo filamu nzima. Anamaliza nyama, anakoroma, anadai mto wa pili, na mkwe anabuni hila za kumwondoa. Zamani kibanda kizima tulipiga kelele, "Mufukuze! Mufukuze!", mabenchi ya vijana ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na mke, sembuse mama mkwe wa kufukuza.

Nikaanza kuhangaika. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena. Mahali pabaya nilikohoa ili maneno yasisikike.

"Mama, picha haionekani vizuri. Tuweke nyimbo za kanisa?"

"Acha," alisema bila kugeuka. "Minye niko naona."

Kwetu mgeni haambiwi aende. Anaambiwa kwa pembeni: unaisifia barabara ilivyokauka, unauliza ng'ombe wa nyumbani wanakamuliwa na nani. Na mimi, kwa kukosa la kuzungumza, wiki ile ile nilikuwa nimemuuliza habari za ng'ombe. Kwanza ng'ombe, sasa filamu. Mkwe wa kwenye filamu alikuwa akinyunyiza pilipili juu ya mto wa mama mkwe pale kuran ilipokatika, televizyo ikafa. Sijawahi kuushukuru umeme wetu namna ile.

Asubuhi nikakuta mzigo umefungwa na kikapu kiko mlangoni. Goti lilikuwa bado limevimba kama papai.

"Nimesikia," alimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia. "Mukwe wangu ni mutu wa heshima, hakunitukana. Alinionyesha tu."

Mke wangu akanigeukia. "Umemufukuza mama yangu na televizyo?"

"Lakini ile ni ya kuchekesha!"

"Nani alicheka?"

Nikaliona goti lile likipanda mawe ya Rurambo kwa sababu yangu. Nikachuchumaa mbele ya kikapu. "Mama, hukuona mwisho. Mwishoni mama mkwe anashinda."

Ukweli ni kwamba mwisho sikuukumbuka hata kidogo.

"Anashinda?"

"Kabisa."

Akaketi juu ya mzigo wake. "Basi nitangoja kuran. Nikiona ni uongo, napanda."

Kuran haikurudi siku ile. Nilizunguka uani hadi jirani akauliza kama nimepoteza kuku. Ilirudi kesho yake alasiri. Tukaketi kama mahakamani, mama mkwe akiwa bado juu ya mzigo.

Pilipili ikapita, hakuna aliyecheka. Jogoo na pipa, kimya. Hata mimi nilijiuliza nilianguka kutoka kwenye benchi kwa lipi. Kisha kikaja kipande ambacho zamani tulikitumia kwenda kununua karanga: mkwe yuko kitini, mke anafagia kumzunguka, naye mkwe anamwambia amsogezee maji, na maji yako karibu na mkono wake.

Nikasikia sauti. Nikadhani ni goti. Mama mkwe alikuwa ameuma kitenge, mabega yanatikisika.

"Rudisha," alisema. "Pale pa maji. Rudisha."

Nikarudisha. Mke wangu naye akaanza. Kando ya kiti changu palikuwa na kikombe cha maji ambacho alikuwa amenisogezea muda si mrefu, na sasa wote wawili walikuwa wanakitazama. Nikarudisha mara nyingine, kwa amri.

Mwisho ukafika. Mama mkwe wa kwenye filamu anapakiwa kwenye lori, na mkwe anacheza ngoma barabarani. Nikatazama sakafu.

"Ulisema anashinda."

"Ndiyo, mama."

"Ni uongo."

"Ndiyo, mama."

Akasimama polepole, akaushika mzigo wake. Nikaruka kumsaidia, sijui kama ni kuelekea mlangoni au chumbani. Akaniachia mzigo mikononi, akachechemea hadi chumbani kwake.

"Kesho uniwekee tena," alisema kutoka ndani. "Pa maji tu."

Mke wangu, akipangusa machozi, akaniuliza kama nina kiu. Nikaenda kujichotea mwenyewe.