Siku Nilisomea Mabanga Komunike ya Kitabu

Mucheke tu, ndugu zangu, mimi nimeisha kuzoea. Mupaka leo nikipita mutaa wetu wa Mabanga nashusha kofia usoni, maana kuna wamama wakiniona tu wanaulizana kama leo tunahama ao tunabaki.

Mimi nafundisha Kifaransa kwenye sekondari moja ya pale. Tulikuwa tunasoma hadithi ya muji wa miaka inayokuja, muji mubaya, wakubwa wake wanatoa amri kila asubui na watu wanatii bila kuuliza. Kitabu ni kizuri, lakini watoto walikuwa wanasinzia (Kifaransa kirefu, joto la mabati, na tumbo tupu), na mimi mutu akisinzia nikifundisha siwezi kutulia, nikajisema leo hii amri wataisikia kwa Kiswahili, tena kwa megafone. Nikaiomba kwa prefe, mukubwa wa shule, ile anapangia watoto mbele ya bendera. Hakuniuliza ni ya nini.

Sasa muelewe, kwetu megafone haipiti bure, ikipita ni komunike, tangazo la wakubwa, ya kifo ao ya mambo ya kutisha. Na klasi yetu ni ya mbao, sauti haizuiliki. Mimi huyo nikapanda juu ya meza, nikakaza koo: "Komunike! Kuanzia saa sita ya leo, kila nyumba iache mulango wazi. Mutu asiulize sababu."

Watoto wakaamka kweli, nikafurahi, nikarudilia mara ya pili (sifa hizo). Ile ya pili ndiyo iliniua. Nje nikasikia maduka yanafungwa, paa, paa, wazazi wakaingia kuvuta watoto wao, na Mama Furaha, anayeuza maharagi mbele ya shule, akamwaga maharagi yote juu ya mawe ili abebe sufuria tu. Yeye alishakimbia vita kule Masisi, anajua kitu cha kuacha.

Nikatoka mbio na megafone ileile: "Mubaki! Ilikuwa kitabu tu, hakuna komunike!"

Muzee mumoja mwenye kuvuta mbuzi akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, wamekulazimisha useme vile, eh? Pole sana." Akaongeza mwendo. Kadiri nilivyokana ndivyo watu walivyokaza miguu, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba muzigo, zikanipita zimejaa matela, magodoro ya watu, na mimi kati ya barabara napiga kelele na jasho linanitoka.

Kwenye kona nikakutana na bibi yangu wa ndoa, Mama Neema, matela kichwani, mutoto mugongoni, kiatu ni kimoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia polepole kwamba ni mimi nilisema, kwamba ilikuwa hadithi.

Hakucheka. Akashusha matela chini.

"Najua ni weye, Papa Neema. Nilisikia sauti yako. Ingekuwa ya mwengine, ningengojea kwanza."

Kitabu tulikimaliza, kila mutu anasoma kimya kwenye benchi yake. Megafone sitaishika tena, hata kwa kutangaza harusi. Lakini nyumbani bado, siku hizi nikisema mvua inakuja, Mama Neema anatoka kwanza kuangalia mawingu mwenyewe.