Uzi Mnene wa Opiyo

Enzi zetu, wenzangu mliokula chumvi nyingi, umeme ulikuwa kitu cha kubebwa. Kwetu Suna, ukitaka kusikia gitaa la umeme, ulingoja kwanza vijana walete betri ya lori, huku wamejifunga matambara mikononi kwa kuogopa tindikali. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka. Hao, chaji ya simu ikipungua kidogo tu, wanazunguka nyumba nzima wakitafuta tundu la ukutani, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulicheza bano, yaani gololi, na kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka miguu ikawa na rangi ya vumbi. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama wenye uchachu, mchana tukala nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakazoeana. Shuleni ukiongea Kijaluo ulivalishwa kibao shingoni, na nyumbani mama alikuuliza kwa Kijaluo hicho hicho umesoma nini leo. Ilikuwa raha, msidanganywe. Lakini nikikaa peke yangu, kinachonijia masikioni si kelele za bano. Ni mlio wa uzi mmoja wa gitaa la besi.

Gitaa lenyewe lilikuwa la kaka yangu Opiyo. Opiyo na Odongo walikuwa mapacha, na mimi Akelo nikazaliwa nyuma yao, kama majina yetu yanavyosema. Opiyo alichimba dhahabu Masara siku za kazi, na siku za harusi alipiga besi. Miaka michache baada ya Uhuru, mvua ilinyesha vibaya na shimo likamfunika. Watu walichimba mpaka maji yakawafukuza. Hakupatikana.

Kwetu, mtu asipopatikana, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini. Linalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu, na mwenyewe huko aliko anapumzika. Baba alishaleta yago, akalilaza nyuma ya ghala na kulifunika gunia. Sisi watoto hatukucheza upande ule. Mama alikataa katakata lisiguswe.

"Siwezi kufukia mtoto na bado anaongea," alisema.

Alimaanisha gitaa, ambalo sasa lilikuwa la Odongo. Odongo alifanya mazoezi mchana, gitaa likiwa limeunganishwa na spika ya betri, jua likiwa kali na watu wamejilaza. Nyuzi tatu nyembamba zilisikika kwa mbali, zimefifia. Akigusa ule uzi mnene, nyumba nzima ilijaa. Maji ya kunywa yalitetemeka mtungini. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, na mbwa aliinuka akaenda zake. Na mlio wenyewe haukuwa mmoja. Ulianza mmoja, kisha ukagawanyika, na wa pili ukayumbayumba chini ya wa kwanza, kama unatoka ardhini. Niliogopa, nikaziba masikio. Mama yeye aliacha kila kitu akaja kusikiliza.

"Nilizaa wawili," aliniambia. "Na nasikia wawili."

Odongo hakutaka maneno hayo. Bendi yao ilikuwa imealikwa kwenye harusi Homa Bay, na kiongozi wao alikuwa amemwonya kwamba uzi ule unawameza waimbaji. Akadhani nyuzi zimechoka. Akazichemsha kwenye sufuria ya mama, maana ndivyo wapiga besi walivyozifufua siku hizo, na jioni tukala nyoyo zenye ladha ya chuma. Zile nyembamba zikapata uhai kidogo, lakini mnene ulizidi vile vile. Akatafuta uzi mwingine Rongo, akaufunga. Maji yakatetemeka kama kawaida.

Mchana mmoja mama aliketi karibu na gitaa akishona shati. Lilikuwa la Opiyo, na Odongo ndiye angelivaa harusini. Sindano ikamponyoka vidoleni, ikaruka, ikanasa chini ya ule uzi mnene na kusimama wima. Hakuna aliyekuwa amegusa gitaa. Mama akapiga magoti.

"Wuoda," akanong'ona, yaani mwanangu. "Unataka nini?"

Odongo aliiona sindano ile ile, lakini yeye aliona sumaku. Chini ya nyuzi kulikuwa na kipande cheusi chenye sumaku, ndicho kinachodaka sauti. Akainama, akatazama kwa upande, akakuta kimeinuliwa kwenye uzi mnene mpaka kinakaribia kuugusa. Akakumbuka. Opiyo mwenyewe ndiye aliyekiinua, kwa sababu spika yao ya kwanza ilikuwa dhaifu na besi haikusikika. Sumaku ilikuwa inauvuta uzi ukicheza. Ndiyo maana ulipiga kelele kuliko wenzake, na ndiyo maana ulitoa sauti mbili.

"Mama, ni skrubu tu," alisema.

"Kama ni skrubu tu, si uiache?"

Odongo akalia. Hata kule shimoni sikuwa nimemwona akilia. "Watu wananiangalia mimi wakimtafuta yeye," alisema. "Hata wewe, mama."

 Mama akaing'oa sindano yake, akasogea pembeni, akasema, "Haya. Geuza."

Odongo aligeuza bisibisi kidogo kidogo, anapiga, anasikiliza, anageuza tena, mpaka nyuzi zote nne zikaongea kwa kimo kimoja. Mwisho akaupiga ule mnene kwa nguvu. Maji mtungini yalitulia tuli.

"Sasa ni mmoja," mama alisema. Akamtazama Odongo usoni, akamtazama sana. Halafu akatoka na kwenda kulifunua lile gunia mwenyewe.

Tulilizika yago asubuhi yake. Wanaume walilibeba kwa shida, na baba akasema halikuwa zito hivyo alipolileta. Homa Bay walicheza mpaka viatu vikaisha.

Wote wameondoka sasa, baba, mama, hata Odongo. Gitaa liko ukutani kwangu, na nawakumbuka kila nikilitazama. Juzi mjukuu wangu aliliunganisha na spika yake ndogo.

"Dani," akaniita, yaani bibi, "hii waya moja iko juu sana kuliko zingine. Wacha niweke app isawazishe zote."

Siku hizi kila kitu kinasawazishwa. Hata sauti za marehemu wanazo kwenye simu, wanaziwasha wakipenda na kuzizima wakichoka. Sisi hatukuwa na kitufe. Lakini skrubu ile haijaguswa na mtu tangu siku ya Odongo, hilo nalijua.

Nilimwambia aache app yake, apige tena. Akapiga. Glasi yangu ya maji ikaanza kutetemeka mezani. Mama alikuwa akisikia wawili. Mimi nasikia watatu, na mmoja wao ni mwanamke.