Uzio wa Sungura

Jirani yangu wa Mafiga, mama mtu mzima anayeishi peke yake, amelizungushia banda la sungura vitu vilivyotupwa na watu: chaga za kitanda, neti kuukuu, matairi ya baiskeli. Kila waya wa kuvifungia huukaza kwa koleo, kisha huujaribu kwa kidole gumba. Hata hivyo, sungura wake mweupe hutoroka kila wiki, nami humrudisha.

"Shikamoo mama. Katoroka tena."

"Marahaba. Karibu, chai ipo."

Mimi hujibu kwamba nina haraka. Juzi, kupitia dirishani, nilimwona amechuchumaa akifungua waya mmoja taratibu, akimsukuma sungura atoke. Sungura alipofika kwenye mchicha wangu, nilimbeba, nikapiga hodi, na safari hii nikaketi.